Mafiga ya Konani

Jambo la mwisho la kawaida alilolifanya Mshai lilikuwa kuchota makaa jikoni kwa kigae, kuyabeba hadi kwenye kona ya njia, juu ya korongo, na kuyapulizia mpaka kuni zikashika. Ilikuwa jioni ya watoto. Akarudi ndani, akamwambia mumewe, Mwadime, kwamba mgongo unamuuma, akalala. Hakuamka.

Zamani hizo jioni ya watoto ilikuwa karibu kama mnavyoifahamu. Maharage yakishavunwa, kila nyumba iliwasha moto nje, nao watoto walijifunga majani makavu ya migomba, wakavaa nyuso za vibuyu, wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba. Mlangoni walikoroma, "Sisi mizimu, tuna njaa!" Mwenye nyumba akawajibu, "Mizimu gani hii yenye kamasi?" kisha akawapa njugu mawe na ndizi za kuchoma. Ila nyumba yenye msiba haikuwasha moto nje mpaka mwaka uishe. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima.

Basi jioni ya watoto iliporudi, mwaka wa msiba ukiwa umebakiza siku chache, Mwadime alikaa gizani. Nao watoto, kwa kuwa walifunzwa adabu, walikatiza wimbo walipokaribia kwake.

"Nyamazeni! Babu ana msiba," mkubwa wao alinong'ona.

Wakapita kimya, kila mmoja akichungulia kupitia matundu mawili madogo ya kibuyu. Kwenye nyumba iliyofuata wakaanza kuimba tena, na sauti moja haikuwemo.

Mwadime alisikia kilio korongoni. Mfiwa hakuruhusiwa kutoka baada ya jua kuzama. Alitoka. Alimkuta Wakesho, mjukuu wa jirani, mguu umevunjika, kibuyu bado kiko usoni. Akamvua kibuyu, akambeba mgongoni, akapanda kwa kushikilia mizizi.

"Hukuiona kona, mjukuu wangu?"

"Nilikuwa nausubiri moto wa bibi. Bibi alisema nikiufikia ndipo nigeuke."

Mwadime akambeba hadi kwao, akamkabidhi kwa mama yake.

Asubuhi aliingia katika jiko la mkewe, akang'oa mafiga matatu yaliyokuwa yamepoa tangu afe, akayabeba moja moja hadi kwenye kona. Mwakio, babu yake Wakesho, alimwona kutoka shambani.

"Mwadime! Mwaka haujaisha! Watu watasemaje?"

"Waseme kwa sauti," alijibu, "watoto wajue njia iko wapi."

Akayachimbia mafiga imara ardhini, akawasha moto mchana kweupe, akakaa kando yake.

Na tangu siku hiyo, jioni ya watoto ikifika, nyumba yenye msiba ndiyo huwasha moto wa kwanza, na watoto wakifika hapo huimba kwa nguvu kuliko kwingine kote. Naye mfiwa hutoka, akasimama njiani mpaka wa mwisho apite.