Nyuki wa Nyumbani kwa Semboja

Hapo zamani, na kwa wenye kuona aibu si zamani sana, palikuwa na kijiji cha warina asali. Kaeni vizuri, maana nikimaliza nitawauliza jambo, na sitaki mtu aje kuniambia alikuwa amesinzia.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamume jina lake Semboja. Mwili mkubwa, sauti ndogo. Alipanda miti ambayo wenzake waliiogopa, akaingiza mkono mzingani, akashuka na masega mazima. Nyuki hawakumsumbua. Watu walisema ana dawa, lakini dawa yake ilikuwa utulivu tu.

Semboja akamwoa Mwanamvua. Alikuwa mchapakazi, mcheshi mbele za watu, hodari wa kuyeyusha nta. Harusi haijapoa, akampiga mumewe mwiko wa kichwa kwa kuwa alichelewa kurudi kutoka msituni. Semboja alishangaa kuliko alivyoumia. Alijua ana nguvu za kumrusha yule mwanamke ukutani, na kwa kujua hivyo akaiogopa mikono yake mwenyewe, akaikunja kifuani. Mwanamvua alipoona mikono imekunjwa, akaongeza wa pili.

Asubuhi, barazani, wanaume wakamwuliza, "Semboja, uso umekuwaje?"

"Nyuki," akasema.

Wakampa pole. Mrina kuumwa na nyuki si habari.

Basi ikawa ndivyo. Mwanamvua akimpiga kwa mchi, Semboja husema nyuki. Mwanamvua akimkwaruza shingo, Semboja husema nyuki. Akimuuma bega, nyuki. Kijiji kizima kilijua kwamba nyuki hana kucha wala meno, lakini kikaukubali uongo ule, kwa sababu haukumgharimu mtu ila mmoja. Na huyo mmoja alikuwa na mwili mkubwa.

Ikafika siku Semboja akachoka. Akaenda kwa kaka yake, Mdoe, aliyekuwa na kauli barazani.

"Kaka, si nyuki."

"Najua," Mdoe akasema. "Nimerina asali tangu kabla hujazaliwa. Nyuki huacha mwiba, haachi alama za vidole."

"Basi nifanyeje?"

"Mpige. Mara moja tu, atanyooka."

"Nikimpiga nitamwua, kaka. Na sitaki kuwa mtu wa kupiga."

"Basi nyamaza, mdogo wangu. Dada zetu hawajaolewa. Nani atakuja kuposa kwenye ukoo ambao wanaume wake huchapwa na wake zao?"

Semboja akaondoka na maumivu yake. Siku hiyohiyo barazani mtu mmoja akatania kwamba nyuki wa nyumbani kwa Semboja ni wa kike. Wanaume wakaangua kicheko, na Mdoe akacheka kuwashinda wote, ili asije akaonekana kwamba anajua. Semboja alikuwa amekaa pembeni yake. Alikisikia kicheko kile sikioni kabisa.

Sasa, kijiji hicho kilikuwa na desturi. Mke aliyepigwa akikimbilia nyumbani kwa Bi Mashavu, kungwi aliyewafunda wasichana wote wa pale, akaushika mwimo wa mlango wake, basi hakuna wa kumgusa. Ataingizwa ndani, atapewa uji, na mumewe atasubiri njiani mpaka wazee waamue. Hakuna aliyepata kumwona mwanamume aliyepigwa kweli ameushika mwimo ule. Lakini Semboja hakuwa na mwimo mwingine. Mchana kweupe, damu ikimtoka sikioni, akaenda akaushika kwa mikono miwili.

Wanawake waliokuwa uani wakisuka ukili wa mikeka wakauweka chini. Mmoja wao, aliyekuja juzi na mkono uliovunjwa na mumewe, alipomwona mwanamume mlangoni akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Bi Mashavu akatoka. Akalitazama lile sikio.

"Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

"Mke wangu, mama," akasema, machozi yakimtoka.

"Nakuamini," akasema. "Ila siwezi kukuingiza. Humu wamo waliokimbia wanaume. Aliwahi kuja mmoja, akalia kama unavyolia wewe, akasema na yeye kapigwa. Nikamfungulia. Akamburuta mkewe mpaka njiani, akamwulia pale unapopaona."

"Mimi si yeye, mama."

"Mimi najua. Wao hawajui."

Akamnasua vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayemwachisha mtoto ziwa. Kisha akafunga mlango. Semboja alitamani yule mama angemtukana, apate walau mtu wa kumchukia. Akageuka, akarudi kwake.

Habari ina miguu myepesi, ilikuwa imeshafika. Mwanamvua alikuwa jikoni, nta inachemka.

"Umekwenda kunitangaza kwa wanawake wenzangu?"

"Nilikwenda kuomba pa kukaa."

Akakinyanyua kile chungu cha nta, akammwagia usoni. Na nta si maji, wapenzi wangu. Haidondoki. Inaganda palepale ilipofika.

Majirani walikuja mbio. Walipomwuliza kumetokea nini, wakawa tayari wana jibu midomoni, wanangoja aliseme waitikie pole. Semboja akasema, "Si nyuki." Hapo wakaanza kutazamana.

Macho hayakurudi. Wazee wakaita kijiji kizima, kwa sababu palikuwa na desturi nyingine, nayo ni hii: aliyemtia mwenzake giza ndiye atakayekuwa macho yake. Atashika ncha ya fimbo ya kipofu, amwongoze, amlishe, alale naye nyumba moja, mpaka mmoja wao azikwe. Semboja akakalishwa katikati. Ncha moja ya fimbo ilikuwa mkononi mwake, nyingine hewani, inangoja mkono.

"Giza hili ni la nani?" akauliza mzee wa baraza.

"Si langu," Mdoe akadakia. "Nilimpa shauri la kiume, akalikataa. Mimi sijamwagia mtu nta. Na mngekuwa na dada wa kuozwa, nanyi mngecheka."

Bi Mashavu akasimama. "Nilimfungia mlango, sikatai, na tangu siku ile silali. Lakini nikitoka kumwongoza Semboja, wale waliomo ndani nani atawalinda? Ninyi wanaume mna baraza, mna mapanga, mna njia zote za kijiji hiki. Sisi mlituachia mlango mmoja. Leo haukutosha, ndiyo mnaniuliza mimi? Kwa nini hamkujenga wa pili?"

Wanaume walitazama vidole vya miguu yao.

Kisha Mwanamvua akaja mbele, amefunga kanga kiunoni, macho mekundu.

"Giza ni langu," akasema. "Baba yangu alimpiga mama yangu mpaka akawa kiziwi. Nikaapa sitangoja kupigwa, nitaanza mimi. Nikaolewa na mtu asiyepiga, nikamdharau, nikaona si mwanamume. Na hayo sikujifunza peke yangu, ninyi nyote ndio mliokuwa mkisema. Lakini nta niliimwaga kwa mkono wangu huu. Desturi inanidai. Nipeni fimbo, nimtunze mume wangu."

Basi watu wakalainika. Wapo waliofuta machozi, wakanong'ona kwamba mwanamke ametubu, na kwamba huyu ndiye pekee aliyesema kweli. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi hapa ndipo huwa natamani kuibadili, lakini hadithi si yangu, naisimulia kama ilivyo.

Semboja akazisikia bangili za mkewe zinakuja. Alizijua sauti zake zote, za kusonga ugali na za kunyanyua mchi. Akaivuta fimbo, akaikumbatia kifuani.

"Wazee wangu," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "adhabu hii ni yake au ni yangu?"

"Desturi ni desturi," mzee akajibu. "Kama si yeye, tuonyeshe mwingine."

Semboja akainyoosha fimbo kule alikosikia kikohozi cha kaka yake. Kikohozi kikahama. Akaigeuza kwa Bi Mashavu, akasikia mama yule analia, lakini ncha ikabaki nyepesi. Akaizungusha taratibu kwa kijiji kizima, kwa wote waliompa pole ya nyuki, na kila ilipopita watu walirudi nyuma, vumbi likasikika chini ya miguu yao. Bangili zikalia tena, sasa karibu.

Nimefika. Aliyemwaga nta anaitaka fimbo. Aliyejua akacheka haitaki. Aliyeamini akafunga mlango hawezi. Na waliobaki wanasema wao hawakufanya kitu, na ni kweli hawakufanya kitu. Wewe unayecheka huko nyuma, nyamaza ufikiri, mkono wa mtu umechoka kunyoosha fimbo. Je, nani alistahili kuishika?