Sahani ya Baraza la Kiboko

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wakati mikia inagawiwa, naye Pelele, yule mnyama mdogo asiye na mkia hadi leo, kachelewa kwenda kuchukua wake, mama huyo alikuwa na pango kwenye miamba. Pango kavu, mvua haifiki, na watoto wake wamelala humo wamebanana. Fisi alilitamani pango lile mpaka mate yakamdondoka. Nasikia mkewe ndiye aliyekuwa akimchochea, lakini mimi simo.

Basi Fisi akamshtaki Pelele kwa Mzee Kiboko, mwamuzi wa baraza. Akadai pango lile ni la marehemu babu yake. Mashahidi wakasikilizwa, Kiboko akaamua: pango ni la Pelele.

Sasa desturi ya huko ilikuwa hivi. Hukumu ikishatoka, mshtaki na mshtakiwa huchovya mikono pamoja kwenye sahani ya baraza, wakala. Waliokwisha kula sahani hiyo hawarudi tena kwa shauri lile lile. Lakini Fisi akashika tumbo, akasema kavimbiwa, atakula siku nyingine.

Fisi kuvimbiwa! Na watu wakaamini.

Siku ya gulio iliyofuata, baraza lilipoketi, huyo, kashtaki tena. Pango lile lile, babu yule yule.

"Hili si nimeliamua?" Kiboko akauliza.

"Umeliamua, mzee. Ila hatujala."

Kiboko akawageukia wazee wenzake. Nyumbu akasema limekwisha, Kobe akasema halijaisha. Nyumbu akaona Kobe ana hoja, akamfuata. Kumbe Kobe naye ameshahamia upande wa Nyumbu. Wakabishana tena, kila mmoja akitetea neno la mwenzake. Mwishowe shauri likasikilizwa upya. Pelele akashinda, Fisi akashika tumbo.

Ikawa ndiyo kazi. Kila gulio Pelele anashinda kesi, watoto wanashinda na njaa. Baraza likavurugikiwa kabisa. Siku moja Kiboko alimwamuru Nyumbu ahame pangoni, na maskini Nyumbu akaenda nyumbani kufunga mizigo.

Fisi alikuwa akimwambia mkewe, "Mwache ashinde. Siku atakayougua asifike, pango letu."

Kunguru alikuwa juu ya paa lao. Akayabeba maneno yale moto moto mpaka kwa Pelele. Umbea nao una faida zake, msinicheke.

Baraza lilipokutana tena, Pelele aliomba aazimwe ile sahani ya baraza aletee ushahidi. Kiboko, aliyekuwa hajui tena mbele wala nyuma, akakubali. Pelele akaja nayo imefunikwa kawa. Alipofunua, fuuu! Mifupa iliyochemshwa, mchuzi unafuka moshi, mafuta yanaelea.

"Mzee," akasema, "Bwana Fisi anadai babu yake aliishi pangoni kwangu. Mifupa hii imetoka humo. Kama ni mabaki ya babu yake, aionje. Ulimi wa ukoo haukosei. Na mimi nitaonja, asije akasema nimetia sumu."

Fisi hakungoja aambiwe mara mbili. Kwachu, kwachu! Pelele naye akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba, akakunja uso, maana yeye ni wa majani.

"Ni yenyewe," Fisi akasema, mdomo umejaa. "Babu alipenda paja."

"Basi tumekula sahani moja, mzee," Pelele akasema taratibu.

Kiboko akauliza hukumu ya mwisho ilikuwa ipi. Safari hii wazee wote walikumbuka: pango ni la Pelele.

Fisi akaruka. "Huo ulikuwa ushahidi! Haukuwa chakula!"

"Umemeza, hukumeza?" akauliza Kiboko.

Fisi akaitazama sahani. Ilikuwa nyeupe, hata tone halikubaki.

Waliosoma sheria huliita hilo shauri lililokwisha kuamuliwa, na halishtakiwi tena. Pelele akarudi kwa wanawe. Nyumbu, naambiwa, mpaka leo anauliza kama mizigo aifungue.

Na neno la kushika ni hili: kesi isiyokubali kwisha haitafuti haki, inamtafuta mtu achoke.