Mshumaa wa Binti wa Lotari

Hapo zamani, si zamani ya babu zetu bali zamani ya juzijuzi tu, huko Umatengo milimani kwenye kahawa, kigango kimoja kiliamua kutengeneza filamu ya mateso ya Bwana. Msicheke. Walikuwa na kamera moja, majoho ya kwaya, na ubishi wa kutosha wilaya nzima.

Kamera ilikuwa ya Ditram, mpiga video za harusi, mtu wa maneno mengi. Ditram alisema, "Damu ionekane! Watu wamezoea Yesu wa kwenye picha, msafi kama katoka kuoga. Wasipoona alivyoumia, watajuaje alivyowapenda?" Akachemsha rozela, akaichanganya na uji mzito, akampaka mgongoni mwimbaji aliyeigiza Yesu, mpaka mama yake mwimbaji akapiga yowe.

Akaja Mwalimu Winfrida, anayefundisha historia sekondari. Yeye alitaka ukweli. "Ditram, Warumi kwa kawaida walimbebesha mtu mti wa kukingama tu, si msalaba mzima. Na hawa watu wako wa Yerusalemu, mbona umewapaka masizi na kuwavika pembe? Walikuwa watu wa kawaida, wamekuja mjini kwa sikukuu. Aliyehukumu ni Mrumi, waliopigilia misumari ni askari wake. Waoshe nyuso!" Ditram akanuna, lakini nyuso zikaoshwa. Wakaletwa watu wa sokoni, wakasimama na sura zao walizozaliwa nazo.

Siku ya kupiga picha likatokea jambo. Waliambiwa wapaaze sauti, "Asulubiwe!" Wakaanza vizuri. Kisha wakachemka, na mazoea yana taabu, wote wakaanza kupiga kelele: "Mwizi! Mwizi huyo!" Maana soko lile, ndugu zangu, lilijua kelele moja tu ya kumtakia mtu kifo.

"Simama! Turudie," akasema Ditram. "Yerusalemu nani alisema mwizi? Mwalimu, si wewe wa ukweli?"

Mwalimu akafikiri. "Pembeni yake walisulubiwa wanyang'anyi wawili. Hao nao, nani ajuaye walipigiwa kelele gani? Iache."

Wa tatu ni Bi Hyasinta, muuza maandazi, aliyeigiza Bikira Maria. Mwanawe Egno aliuawa na watu sokoni palepale kwa sababu ya kuku, na kuku mwenyewe baadaye alirudi bandani kwa miguu yake. Ilipofika zamu ya mijeledi, Bi Hyasinta akaenda akasimama mbele ya kamera. "Ditram mwanangu, damu ya kweli nimeiona. Pigo la kwanza waonyeshe. Yaliyobaki, nipige picha mimi." Siku hiyo Ditram hakubisha. Basi ukiitazama filamu ile, mjeledi unauona mara moja tu. Baada ya hapo unasikia mlio, na unachokiona ni uso wa mama.

Askari mwenye mjeledi alikuwa Osmund wa buchani, naye kelele ile ya "Mwizi!" aliipiga pamoja na wenzake. Ijumaa Kuu filamu ikaonyeshwa ukumbini, watu wakalia, wakapenga kamasi, wakarudi makwao.

Wiki ya Pasaka, siku ya gulio, Lotari fundi seremala, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua, akapanda baiskeli akidhani ni yake. Haikuwa yake. Nyeusi, kengele mbovu, na mji ule zote ziko hivyo. Kelele ikapigwa: "Mwizi!" Lotari akaangushwa, watu wakamzunguka kama mnavyojua. Wa mbele kabisa alikuwa Osmund, rungu mkononi. Akaliinua.

Rungu likabaki juu. Watu wakangoja.

Osmund akalishusha taratibu, akasimama miguu huku na huku juu ya Lotari, akasema, "Atakayemgusa aanze na mimi." Wakarudi nyuma. Mwenye baiskeli akafika anahema, na baiskeli ya Lotari ikaonekana imeegemea ukuta uleule. Mtu alikuwa afe kwa kosa la macho!

Jioni Lotari akamwuliza, "Kaka Osmund, nini kilikuzuia?"

"Niliuona ule mgongo," akasema Osmund. "Nikaisikia sauti yangu, kumbe ileile ya kwenye filamu. Tena nikamwona Bi Hyasinta na sinia lake la maandazi, uso uleule. Kipi kilitangulia, sijui."

Mke wa Lotari akajifungua binti. Na desturi ya kigango kile ni hii: mtoto mmoja, msimamizi mmoja. Ndiye hushika mshumaa wa ubatizo, na mtoto humheshimu kama mzazi maisha yake yote. Lotari akatangaza, "Aliyeniokoa ndiye atakayemsimamia." Lo! Kachokoza nyuki.

Ditram akasema, "Ni mimi. Watu hawahurumii wasichokiona. Bila mgongo ule, Osmund angepiga. Na mnajua mimi na mke wangu tumengoja mtoto mpaka tumechoka."

Mwalimu Winfrida akasema, "Damu? Osmund huona damu kila asubuhi buchani. Kilichomshika mkono ni kujiona mwenyewe. Tungewaacha wale watu wa Yerusalemu na masizi na pembe, angesema wale ni mashetani, mimi simo."

Bi Hyasinta hakutaka kusema, mpaka akabembelezwa. "Ditram alitoa rangi, Mwalimu akatoa maarifa. Mimi nilimtoa Egno mara ya pili, mbele ya haohao waliomwua. Lakini sigombei mtoto wa watu." Akajifuta macho kwa kanga. "Ila mkinipa, nitampokea."

Mtu akauliza kutoka nyuma, "Na Osmund je? Rungu si lilikuwa mkononi mwake?"

Osmund akainama. "Mtu hapewi mtoto kwa kuwa hakuua. Siku ya Egno nilikuwepo."

Bi Hyasinta akamgeukia. Kisha akasema, "Na siku ya Egno hakuna aliyeshusha rungu. Mwacheni naye asimame."

Basi Jumapili imefika. Padre ametoka parokiani, maji yako tayari, mshumaa umeshawashwa na nta inadondoka. Padre anauliza, "Nani anamsimamia mtoto huyu?" Watu wanne wamesimama. Lotari ameushika mshumaa, hajui aupeleke wapi. Binti mwenyewe anapiga miayo, hana haraka na mtu.

Haya, nyinyi mliokuwa mkinikatiza tangu mwanzo, midomo ni yenu sasa. Mngekuwa Lotari, mshumaa ule mngempa nani?