Mize Kombe-Kioo na Sheria ya Bwana Taa

Watoto wangu, mimi nimetembea bandari nyingi, na kila bandari nimeiachia aibu yangu moja. Ninayowaambia leo niliiacha nyumbani kwa rafiki yangu Mbarouk, mtu wa Pemba aliyehamia nchi ya baridi, kazi yake kuchunguza magamba ya baharini. Nilifika kwake na njaa ya safari. Mezani palikuwa na bakuli, na bakulini vitu vyembamba, vyeupe, vinavyopitisha mwanga. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kaukau! Nikachukua kimoja, nikatia mdomoni.

Kwacha!

"Baba!" binti yake akapiga kelele. "Njoo uone! Mjomba anatafuna kazi yako!"

Mbarouk akaja mbio. Akanikuta nimefumba mdomo, sijui niteme au nimeze.

"Tema polepole," akasema. "Huyo ni kombe wa kilindini. Nilikuwa bado sijaamua nimpange ukoo gani, nawe umeshampanga ukoo wa vitafunio."

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Nami, ili kuficha uso, nikamkalisha chini nikamsimulia habari ya huyo niliyemtafuna. Sikilizeni na ninyi, ila msitegemee kicheko kingi.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo hata vilindini kulikuwa na mabaraza na majirani wakipigiana hodi, uliishi chini huko ukoo wa Kombe. Kombe ana magamba mawili yaliyoshikwa na bawaba, kama mlango. Akitaka kwenda hufungua na kufunga, pwa! pwa! pwa! na huyo, anaruka majini.

Ulikuwa ukoo mkubwa. Wengine walikuwa na magamba mazito yenye matuta kama bati la paa. Wengine walikuwa na miiba, wamejibandika mwambani, hawahami maisha. Na wachache sana walikuwa wembamba kama ganda la kitunguu. Wakipigwa na mwanga, unaona mpaka utumbo. Hao waliitwa Kombe-Kioo, na mdogo kuliko wote miongoni mwao alikuwa Mize.

Jirani yao mkubwa alikuwa Bwana Taa, yule samaki bapa, mpana kama mkeka, mwenye mkia kama mjeledi. Meno yake yamepangana kama sakafu, na kazi yake ni moja: kusaga magamba. Lakini Kombe hakuwagusa. Babu yake na babu yao waliwekeana utani.

Na mtani mnamjua. Utamtukana, utamnyang'anya kofia, utamcheka mbele ya wakwe zake, lakini humdhuru. Siku ya msiba yeye ndiye hutangulia, akachimba kaburi, akawachekesha wafiwa ili kifua kipate kupumua. Sheria za bahari zilikuwa mbili tu: ndugu hamli ndugu, na mtani hamli mtani.

Basi siku moja Dada Zuwena, dada yake Mize, alitoka kutafuta riziki asirudi. Wakamtafuta huku na huku. Walichokipata ni vipande vichache vya kioo mchangani. Matanga yakawekwa.

Bwana Taa akaja msibani kama ilivyo desturi, kwa vishindo. Fwaa! Fwaa!

"Poleni, enyi vifuniko vya sufuria!" akatania. "Mmekaa kimya hivyo mnangoja kupakuliwa?"

Wafiwa wakacheka, kama watu wanavyocheka msibani, nusu kicheko nusu kilio.

"Na marehemu wenu alivyokuwa mwembamba! Kaburi lake nitalichimba kwa kijiko cha chai! Ha! ha! ha!"

Sasa, mdomo wa Taa uko chini, upande wa tumbo. Anayekaa chini yake humwona meno yote. Mize alikuwa chini yake. Akaona katikati ya meno mawili kimenasa kitu chembamba, cheupe, kinameta.

Mize akaacha kucheka.

"Bwana Taa," akasema, "una nini menoni?"

Taa akapitisha ulimi.

"Hiki? Ni chakula changu cha asubuhi."

"Ni dada yangu."

Taa akajikung'uta mchanga mgongoni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kujitetea.

"Mize, hebu tusikilizane. Mtani wangu ni Kombe. Kombe ana matuta mgongoni. Ninyi migongo laini kama sabuni iliyoloa! Nani aliwaambia ninyi ni Kombe?"

Mize akamgeukia Mjomba Vuai, mkubwa wa ukoo, mwenye gamba zito kuliko yote.

"Mjomba, mwambie."

Mjomba Vuai akafunga gamba. Tap!

Jirani yake naye, tap! Na wa pili yake, na wa nyuma yake. Tap, tap, tap, mpaka mwisho wa mwamba. Watoto wangu, sauti ile ya ndugu kufunga milango mimi naijua. Hata nchi kavu nimeisikia.

"Unaona?" Taa akasema. "Lakini mimi si dhalimu. Kesho nitamleta Maalim Pweza, mjuzi wa koo. Atawapima wote, aseme nani Kombe, nani kitoweo."

Mize alimjua Maalim Pweza: mikono minane, na kila mkono una njaa yake. Hukumu aliijua kabla ya kesi. Akawatazama watoto aliowaacha Zuwena, vioo vidogo vidogo vimejikusanya pembeni ya jiwe, wanamngoja mama. Wakiambiwa si Kombe, wataisha kwa mlo mmoja.

Akalia kidogo. Kisha akaondoka, pwa! pwa! pwa! mpaka kwenye korongo la Papa Nyundo, yule papa mwenye kichwa kama nyundo, ambaye hata Taa alimwogopa na kumwita kaka.

"Hodi, babu!"

"Nani ananiita babu?" Papa akanguruma. "Sina mjukuu anayeenea katika tundu la jino langu."

"Ni mie, Mize. Kesho kuna baraza kwetu. Bwana Taa anatunga sheria mpya, ya nani aliwe na nani asiliwe. Nimeona si adabu mkubwa kama wewe ukose."

"Kutakuwa na chakula?"

"Kitakuwepo, babu. Kipana."

Papa akameza mate. "Nitakuja."

Kesho yake baraza likajaa. Maalim Pweza akaingia akijiburura, mkono huu unapapasa hapa, mkono ule unapapasa pale.

"Huyu," akasema, akimshika Mjomba Vuai, "hapa penye pembe ya gamba ana vijino kama vya kitana. Kombe halisi! Huyu wa miiba hana kitana, lakini ukingoni amepanga macho kama ya Kombe. Binamu huyo, apite. Haya, wewe kioo, sogea."

Akamgeuza Mize juu, akamgeuza chini.

"Kitana hana. Matuta mgongoni hana. Na kuna la aibu zaidi, jamani! Wenzake wanachuja vumbi la maji, yeye anawinda vidudu. Anakula nyama!"

"Lo! Nyama!" Taa akapiga ukelele, yeye ambaye hajawahi kula kingine.

"Huyu na wenziwe si Kombe," akamaliza Maalim. "Na fungu langu nitengewe mapema."

Hapo maji yakatikisika. Vuuu! Papa Nyundo akaingia. Taa akavimba kwa fahari.

"Karibu, kaka! Jamani, mmemwona? Huyu ni ndugu yangu, damu moja!"

Papa akakaa nyuma, kimya, anatafuta chakula kiko wapi.

Mize akajilaza mchangani mbele ya Taa.

"Bwana Taa, nimekubali. Nimeshindwa. Ila kabla hujanila, nakuonea huruma."

"Wewe? Unihurumie mimi?"

"Ndiyo. Hawa wamefunga magamba leo. Wakija kuyafungua, watasema umekula watani. Maneno ya Maalim ni marefu, watu watayasahau. Weka sheria fupi, bwana wangu, uiapie mbele ya wote. Isiwe ya Mize peke yake, iwe ya bahari nzima. Nani tena atakugusa?"

Taa akawaza: kitoweo hiki kina akili, nikikila huenda na mimi nikaongezeka.

"Niapeje?"

"Sema tu: asiyefanana kwa nje si ndugu, na asiye ndugu ni halali ya mwenye meno."

Taa akajitandaza mbawa zote, akainua mkia.

"Naapa kwa mkia wangu! Asiyefanana kwa nje si ndugu, na asiye ndugu ni halali ya mwenye meno! Leo na kesho na milele, kwa bahari nzima!"

"Maalim, umeshuhudia?" akauliza Mize.

"Kwa mikono yote," akajibu Pweza.

Mize akainuka mchangani. Akageuka, polepole, akamtazama mgeni aliyekaa nyuma.

"Babu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi mtazame ndugu yako. Wewe mrefu kama mchi, yeye bapa kama mkeka. Wewe kichwa chako kinaonekana kutoka mbali, yeye hata hakijulikani kinaanzia wapi. Mmefanana?"

Papa akamtazama Taa kwa jicho la kulia. Akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la kushoto.

"Sijawahi kuliwaza hili," akasema. "Hatufanani hata kidogo."

"Kaka!" Taa akaita.

"Kaka yako nani?"

Kinywa cha Papa kikafunguka. Aaaah! Safu ya meno, na nyuma yake safu nyingine. Taa akarudi nyuma, akarudi tena, mwamba ukamzuia.

"Ngoja! Ngoja, kaka! Usitazame nje! Nje ni nguo tu! Tazama ndani! Wewe na mimi hatuna mifupa, tuna gegedu tupu, inapindika! Matamvua yetu ya kupumulia yako wazi, hayana kifuniko kama ya samaki wengine! Tumetoka tumbo moja! Ndani, kaka, tazama ndani!"

"Ndani?" akauliza Mize.

"Ndani!"

"Sema kwa sauti. Nadhani Maalim hajasikia."

"NDANI! Undugu uko ndani!"

Pwa! pwa! pwa! Mize akaruka, akaenda kusimama mbele ya Konyeza aliyekuwa akielea pale barazani, yule kiumbe laini wa maji anayewaka mwili mzima kama kaa la moto. Mwanga ukampenya Mize toka gamba hili mpaka gamba lile.

Na wote wakaona. Matuta alikuwa nayo. Yalikuwa upande wa ndani, yametandaa kutoka bawabani mpaka ukingoni, kama mbavu za pepeo la kujipepea. Vivyo hivyo yalivyotandaa mgongoni mwa Mjomba Vuai. Yeye ameyavaa ndani, basi.

Watoto wa Zuwena wakasogea karibu, na mmoja akanong'ona, "Mama mdogo, na sisi tunayo?" Shangazi yao mmoja, mzee wa Kombe-Kioo, akamjibu, "Mnayo. Na mama yenu alikuwa nayo."

Papa akafunga kinywa nusu.

"Taa, chagua. Kama ni nje, wewe ni mlo wangu. Kama ni ndani, huyu ni Kombe, na dada yake alikuwa Kombe. Nawe umemla mtani wako, kisha ukaenda kumcheka kwenye matanga yake."

Taa akamtafuta Maalim kwa macho. Maalim Pweza akageuka mwekundu. Akageuka mweupe. Akageuka rangi ya mchanga, halafu, puf! wino. Ulipotulia, hapakuwa na maalim wala fungu.

"Ndani," akasema Taa, kwa sauti ndogo.

"Basi sikuli," akasema Papa. "Lakini aliyekula mtani hana mtani tena. Siku utakayokufa hatakuwepo wa kukuchimbia, wala wa kukuchekea. Na ukiwasogelea hawa, nitakumbuka kwamba wewe ni bapa."

Taa akaondoka bila kishindo. Tangu siku hiyo hujifukia mchangani, ameacha macho tu nje, na mtu akipita hamsalimu.

Funzo lake, watoto wangu, ni hili: apimaye undugu wa mwenzake kwa gamba, ajiandae kupimwa ngozi.

Ningenyamazia hapo, lakini nitakuwa nimewaficha kitu. Papa alipokwisha kwenda zake, Mjomba Vuai alifungua gamba kidogo, akachungulia, akafungua lote. Na jirani yake akafungua, na wa nyuma yake, mpaka mwisho wa mwamba.

"Mize, mwanangu," akasema Mjomba Vuai kwa upole, "sisi tulijua siku zote kuwa wewe ni wetu. Njoo, kaa hapa karibu yangu."

Mize alikuwa anawakusanya watoto wa Zuwena. Hakugeuka.

"Mlijua," akasema, "na mkafunga."