Mwenyekiti Aliyeanza na Mengineyo

"Mengineyo ndiyo yenyewe," alisema Babu Lwitiko, akimtazama jirani yake, Mzee Gwamaka, akiteremka njia na toroli la kuazima.

Mzee Gwamaka alikuwa amekaa barazani saa nzima. Aliisifu mvua, akamuulizia kila mjukuu kwa jina lake, akawalaani nyani wanaomaliza mahindi. Alipofika getini ndipo akageuka kana kwamba jambo limemjia wakati huohuo, akasema, "Ah, na lile toroli lako, bado lipo?"

Wajukuu wawili, Tumpe na mdogo wake Asajile, walikuwa wakimenya ndizi na walicheka sana. Kisha Asajile akataka kujua methali ile imetoka wapi, maana shuleni hakuwahi kuisikia.

"Hukuisikia kwa sababu haina umri mrefu," Babu alisema. "Ilizaliwa nikiwa nimeketi palepale na kalamu mkononi." Akaweka kikombe chini, akawasimulia ilivyokuwa.

Katika Chuo cha Kilimo cha Ilolo, huko milimani ambako mvua haina adabu, walimu walikuwa na Baraza lao. Kazi ya Baraza ilikuwa kuwasemea walimu wote mbele ya Mkuu wa Chuo, na kazi hiyo ilikuwa imelishinda. Kwa miaka miwili lilikuwa limepata wenyeviti watatu, likawachosha wote watatu, na halikuwa limeamua jambo hata moja. Katibu wa Baraza alikuwa Lwitiko, yaani Babu mwenyewe enzi hizo akiwa na nywele, kijana aliyejivunia mwandiko wake na kuamini kwamba utaratibu ukishaandikwa haufutiki.

Mwenyekiti wa nne akawa Subilaga Mwaijande, mwalimu wa mifugo. Alichaguliwa akiwa hayupo. Siku ya kura alikuwa zizini akimsaidia ng'ombe kuzaa, na asiyekuwapo hawezi kukataa. Alirudi na matope hadi magotini, akapewa pongezi, akacheka, akadhani ni utani. Alipogundua si utani aliona fahari kidogo, ingawa hakumwambia mtu.

Fahari hiyo ilidumu wiki moja. Barua ilikuja kutoka kwa Mkuu wa Chuo, ambaye naye alikuwa mgeni pale. Alitaka mafunzo ya shambani yahamishwe kutoka asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana, na akaomba msimamo wa Baraza kabla mwezi haujaisha. Mwishoni aliandika kwa upole kwamba kama Baraza litashindwa kuamua hata hili, hataona sababu ya kuendelea kuwa nalo.

Hakuna mwalimu aliyeutaka mpango ule. Ilolo mvua hushuka saa nane mchana bila kukosa, na mwanafunzi atakayepelekwa shambani saa hiyo atajifunza kuteleza tu. Wote walikuwa upande mmoja. Subilaga akasema moyoni kwamba hili litakwisha kabla ya chai.

Alijiandaa vizuri. Alizisoma kanuni za Baraza mpaka akazijua kwa moyo, akapanga ajenda saba, akaweka kengele mezani. Kikao kikafunguliwa saa nane. Ajenda ya kwanza ilikuwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, na hapo akasimama Mwalimu Ambakisye Mwasomola, mwalimu wa udongo, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Mwalimu Mwasomola alikuwa na hoja juu ya ukurasa wa kwanza. Alikuwa na nyingine juu ya ukurasa wa pili. Alihoji kwa nini imeandikwa "wajumbe walikubaliana" wakati yeye alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa kukubali. Mwalimu Anyisile wa maabara akamuunga mkono, ingawa siku zote hawakuwa wakielewana. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Subilaga aligonga kengele hadi mpini ukalegea. Walipofika ajenda ya tatu, basi la chuo likapiga honi nje, maana lilikuwa likiondoka saa kumi na moja kamili, na wajumbe wakanyanyuka mmoja mmoja kwa kuinama, kama watu wanaotoka msibani mapema. Akidi ikavunjika. Barua ya Mkuu ilikuwa ajenda ya sita.

Subilaga alibaki na viti vitupu na birika la chai iliyopoa. Aliona aibu, na hasira pia. Zilibaki siku tisa mwezi uishe.

Kesho yake asubuhi alimwomba Lwitiko faili la mihtasari yote ya miaka miwili. Lwitiko alimpa kwa furaha, akidhani hatimaye amepatikana mtu wa kuusifu mwandiko wake. Subilaga hakuutazama mwandiko. Alisoma kikao kimoja, akasoma cha pili, na alipofika cha nne akaanza kusoma sehemu ya mwisho tu, ile ambayo kila kikao cha nchi hii huwa nayo, iitwayo Mengineyo.

Huko mwisho kulikuwa na maneno yaleyale, yameandikwa mara kumi na mbili. "Mwl. Mwasomola alikumbusha suala la shamba lake la mfano. Muda haukutosha. Lilisogezwa mbele." Chini yake, "Mwl. Anyisile alikumbusha suala la ufunguo wa maabara. Lilisogezwa mbele." Majina yaliyosumbua ajenda ya kwanza ndiyo yaliyosogezwa mbele katika ajenda ya mwisho.

Subilaga alifunga faili, akamfuata Mwalimu Mwasomola kwenye vitalu vya miche.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunigombeza kwa jana?"

"Nimekuja kuuliza habari za shamba lako la mfano."

Mzee alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akamwonyesha upande wa pili wa uzio, palipokuwa na matuta manne aliyoyajenga kwa mikono yake na wanafunzi wake wa kwanza. Sasa wageni wa chuo waliegesha magari juu yake. Yeye hakudai yote. Angerudishiwa mawili angeshukuru.

"Kwa nini hukusema jana?" Subilaga akauliza.

"Nisemee wapi, mwanangu? Hili ni la Mengineyo, na mimi nikingoja mwisho, mwisho haufiki. Basi nasema mwanzoni nipate kusikika. Na mwanzoni hakuna kitu isipokuwa muhtasari."

Subilaga alicheka mpaka akashika uzio. Mzee alimtazama kwa mashaka kidogo, kisha naye akacheka.

Subilaga aliitisha kikao kingine wiki hiyohiyo. Lwitiko alipoiona ajenda alikimbia nayo hadi ofisini kwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti, hapa kuna kosa. Umeandika Mengineyo namba moja."

"Si kosa."

"Lakini Mengineyo hukaa mwisho. Haijawahi kutokea."

"Nionyeshe kanuni inayosema hukaa mwisho."

Lwitiko alizipekua kanuni zote. Hakuiona. Kilichokuwapo ni mazoea tu, na mazoea hayana namba.

Kikao kilipofunguliwa, watu walidhani mwenyekiti anatania. Kisha Mwalimu Mwasomola akasimama, na wajumbe wote wakaegemea viti vyao wakijiandaa kwa saa mbili. Alisema kwa dakika tatu. Mwalimu wa uhandisi akajibu kwamba magari yanaweza kuegeshwa nyuma ya ghala, kwani nani alisema lazima yakae pale? Matuta yakarudi, yote manne. Mzee akakaa, na kwa muda hakuonekana kujua la kufanya na mikono yake.

Mwalimu Anyisile akaeleza kwamba kwa mwaka mzima anaingia maabara kupitia dirishani kwa kukosa ufunguo. Kwenye kona mwalimu mmoja akapapasa mfukoni, akatoa shada la funguo, akauinua mmoja, akasema, "Nilikuwa najiuliza huu ni wa wapi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Anyisile, aliyekuwa na haki ya kukasirika, alicheka hadi machozi. Kwa dakika arobaini mambo kumi na moja yalisemwa na kusikilizwa. Mengine yaliamuliwa, mengine yalipewa mtu wa kuyafuatilia na tarehe ya kurudi nayo.

"Ajenda ya pili," Subilaga akasema. "Kuthibitisha muhtasari."

Watu wote wakamgeukia Mwalimu Mwasomola.

"Sina la kusahihisha," alisema mzee. "Na mwandiko ni mzuri."

Barua ya Mkuu haikuchukua hata robo saa. Mwalimu Mwasomola mwenyewe ndiye aliyetoa hoja, akaeleza udongo wa Ilolo unavyokuwa saa nane, na mikono yote ikainuka. Chai iliingia ikakuta kazi imekwisha, na kwa mara ya kwanza wajumbe waliinywa ya moto. Dereva wa basi alipofika aliwakuta wamesimama nje wakimngoja, akatazama saa yake mara mbili.

Kesho yake Subilaga alipeleka msimamo wa Baraza. Mkuu wa Chuo, mtu aliyetoka kwenye nchi kavu, aliusoma, akachungulia dirishani ambako wingu lilikuwa tayari limetanda.

"Kumbe ni kila siku?" aliuliza. "Mbona Baraza lenu halikuniambia siku zote hizi?"

"Tulikuwa bado kwenye muhtasari, Mkuu."

Mafunzo yakabaki asubuhi, Baraza likabaki, na Subilaga aliliongoza miaka sita. Kila alipoulizwa siri yake alijibu kwa maneno matatu, na maneno hayo yakatoka chuoni, yakafika sokoni, yakafika hata kwenye matoroli ya watu.

Babu alichukua tena kikombe, akanywa chai yake. Kisha akamgeukia Tumpe.

"Na wewe, mama, umekuja tangu asubuhi bila kuitwa. Umefagia uwanja, umefua mashuka, sasa unanimenyea ndizi. Ajenda zote umezimaliza."

Tumpe aliinamisha kichwa, kisu kikasimama. Alipoinua kichwa alikuwa akitabasamu kwa aibu.

"Babu, kuna kijana. Nyumbani kwao wanaomba kuja Jumamosi kuzungumza nawe."

Babu Lwitiko alipiga goti lake kwa furaha, akainuka kwenda kumwita Bibi.

"Si nilikuambia?" alimwambia Asajile akiwa mlangoni. "Mengineyo ndiyo yenyewe."