Bi Tunu na Chungu cha Zimwi

Mwenye kutafuna ameze kwanza, nianze.

Palikuwa na mpishi wa harusi, Bi Tunu, aliyeokota chungu shambani. Kumbe kilikuwa cha zimwi. Ukikifunua, biriani inafuka, na chenyewe kinauliza, "Umeshiba?" Ukijibu "nimeshiba," kinajifunika, yamekwisha.

Siku ya kwanza Bi Tunu alikuwa ametoka kula, tumbo limejaa.

"Umeshiba?"

"Naonja tu," akajibu, maana kwa wapishi kuonja si kula. Akaonja mpaka ukoko. Kesho yake kanga iliyomzunguka mara mbili ikamzunguka mara moja.

Siku ya pili, njaa hana, hamu anayo.

"Umeshiba?"

"Naonja tu."

Kanga ikagoma kufungika. Mumewe akamuuliza, "Mke wangu, hiyo ni njaa au ni utamu?" Bi Tunu akamnunia.

Siku ya tatu hata mlangoni hapiti.

"Umeshiba?"

"Naonja tu."

Safari hii haikutoka biriani. Ulitoka mkono wenye manyoya, ukamtomasa shavu, ukamtomasa paja.

"Umenona," ikasema sauti kutoka chunguni.

"Utanila?" akalia Bi Tunu.

Zimwi likacheka taratibu. "Nikule? Hapana, bibi. Naonja tu."