Kokoto la Chungu cha Vipopoo

Kokoto likinyamaza, nenda jikoni.

Mliisikia methali hii matangani kwa mjomba wenu, Bi Mize alipowakatiza wale waliokuwa wakimsifu mfiwa kwa utulivu wake. Tulipokuwa tukirudi mkaniuliza: kokoto gani, na huko jikoni kuna nini? Sikuwajibu, kwa sababu jibu lake ni refu kuliko njia ya kutoka kule hadi kwetu. Sasa nimekaa, nimeiandika kama alivyonisimulia marehemu dada yangu, isije ikafukiwa pamoja naye. Asili ya maneno haya ni kama ifuatavyo.

Zamani, Pangani, palikuwa na mtaa mmoja ambao nyumba zake zilipeana migongo na wanawake wake wakatumia ua mmoja. Humo aliishi mjane aitwaye Bi Mwanakheri, pamoja na mwanawe Mbaraka, aliyekuwa mwashi, na mke wa Mbaraka, Somoe. Bi Mwanakheri alisifika kwa vipopoo. Watu wengi huvitokosa vipopoo ndani ya tui, lakini yeye alivipika kwa mvuke. Alikanda unga wa mchele kwa tui zito, akaufinyanga vidonge vidogo kama popoo, akavipanga ndani ya chungu kilichotobolewa matundu chini. Chungu hicho alikipachika juu ya kingine chenye maji, akaziba kiungo kwa donge la unga ili mvuke usitoroke, akafunika. Vikiiva alivitumbukiza katika shira ya sukari guru na iliki, vikalala humo mpaka vinywe utamu.

Kazi hiyo ina mtihani mmoja. Ukifunua kabla ya wakati, vipopoo vinanywea na kuwa vigumu kama mawe. Usipofunua, huoni maji yaliyobaki chini. Basi Bi Mwanakheri alikuwa na kokoto jeupe, laini, alilolitoa mtoni. Alilitia ndani ya chungu cha maji kabla ya kuziba. Maji yakichemka, kokoto linacheza, linagonga chungu koko-koko-koko, na mpishi huko aliko anajua kwamba maji bado yapo.

Kelele zake ziliwachosha jirani. Bi Chausiku, ambaye mlango wake wa uani ulitazamana na jiko lile, alizoea kusema:

“Jamani, hilo jiwe lina maneno kuliko wifi aliyenyimwa kanga!”

“Liache liseme,” Bi Mwanakheri humjibu. “Chungu kinachosema kina maji.”

Sasa, mwaka huo, masika yalipokwisha, Somoe alifiwa na mtoto. Alikuwa mtoto wake wa pekee, Nasibu, ndiyo kwanza anaanza kutembea kwa kushika kuta. Homa ilimchukua haraka.

Somoe alilia. Alilia akiteka maji, alilia akikuna nazi, alilia akitandika kitanda. Pengine alinyamaza, watu wakashusha pumzi, kisha akaanza kumuuliza Mungu maswali kwa sauti, huku anafagia. Mwanzoni majirani walilia naye. Halafu walimliwaza. Mwishowe walichoka, ingawa hakuna aliyesema. Bi Chausiku akawa anafunga mlango wake wa uani hata wakati wa joto.

Siku moja Bi Mwanakheri alimwita mkwewe chumbani, akamwambia kwa upole:

“Mwanangu, machozi ya mama humlowesha mtoto kaburini. Mwache Nasibu alale pakavu.”

Somoe alimtazama. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema, “Sikujua, mama.”

Tangu hapo hakulia tena. Aliteka maji kimya, alikuna nazi kimya. Ukimsalimu alijibu, ukimtuma alikwenda. Uani watu walishukuru. “Amepoa,” walisema. “Subira imemshukia.” Tena akawa mkarimu ajabu. Wifi yake Zaituni, dada wa Mbaraka, alipokuja kumtazama, Somoe alimpa kanga zake za harusi, doti nzima, bado zina harufu ya udi. Bi Chausiku naye alipewa hereni za fedha, Somoe amezivua masikioni mwake papo hapo.

“Hee, shoga, na wewe je?” Bi Chausiku aliuliza.

“Vaa tu. Masikio yangu yamechoka.”

Bi Chausiku alizivaa siku ileile, akazunguka nazo mtaa mzima akimsifu mwenye kuzitoa.

Ikafika vunja jungu, siku ya kula na kufurahi kabla ya mfungo wa Ramadhani. Wanawake walikusanyika uani tangu asubuhi. Zaituni alikuja kwa mama yake, amejifunga zile kanga za harusi, amejaa habari za mtaa alikoolewa. Bi Chausiku alileta iliki. Somoe aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, karibu na moto kuliko wote. Vidonge vilifinyangwa, vyungu vikapachikwa, kiungo kikazibwa, kokoto likaanza koko-koko-koko. Pembeni shira ilikuwa tayari, inatulia kwenye bakuli.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Bi Mwanakheri alinawa mikono.

“Zaituni, naingia kusali. Sikiliza chungu.”

“Mama, nimezaliwa nikikisikiliza,” Zaituni alisema. Kisha akawageukia wenzake, maana alikuwa katikati ya kisa. Kilikuwa cha bwana harusi mmoja aliyekwenda kwa wakwe mara ya kwanza, akala samaki, akakwamwa na mwiba, akaona aibu kusema. Kila alipoulizwa jambo aliitikia kwa kichwa tu.

“Mkwe akamuuliza, ‘Mwanangu, mahari tuongeze?’ Akaitikia!”

Uani pakalipuka vicheko. Katika vicheko hivyo kokoto likagonga mara chache, kwa uvivu, kisha likaacha.

Bi Chausiku ndiye aliyetambua. Alinyoosha miguu, akasema:

“Alhamdulillahi! Leo lijiwe limetuonea huruma. Haya, Zaituni, sasa tunakusikia vizuri. Ikawaje?”

“Akaulizwa, ‘Na mdogo wake naye utamchukua?’”

Kisa kikaendelea. Hata mimi, dada aliponisimulia, nilicheka hapo. Sikukumbuka chungu mpaka yeye aliponyamaza na kunitazama.

Harufu ndiyo iliyowakurupusha. Zaituni aliruka, akafunua chungu cha juu, moshi ukamvaa uso. Vipopoo vya chini vilikuwa vyeusi. Akababaika, akanyakua kata ya maji ya mtungini, akapasua ule unga wa kiungo, akakiondoa chungu cha juu na kumwaga maji baridi ndani ya chungu kikavu kinachowaka.

Pah!

Chungu kilipasuka vipande viwili. Majivu yaliruka, makaa yakatawanyika uani, wanawake wakatimua mbio wakishika kanga zao.

“Vunja jungu ya mwaka huu tumeivunja kwelikweli!” akasema Bi Chausiku, akaanza kucheka tena, lakini alipomwona Bi Mwanakheri amesimama mlangoni na buibui la kusalia kichwani, kicheko kilimkauka.

“Nani alikuwa na chungu?”

“Mimi, mama,” Zaituni alisema. “Kiliacha kelele, tukasahau.”

“Kiliacha kelele mkasahau! Kikipiga kelele mnalalamika, kikinyamaza mnafurahi. Ninyi mna masikio ya nini? Chungu kinakauka mbele ya macho yenu, mnasema afadhali kimetulia! Na wewe, maji baridi kwenye chungu cha moto? Nani alikufundisha? Chungu kilichokauka huondolewa motoni, kikaachwa, kikatiwa maji ya vuguvugu, kidogo kidogo...”

Hapo Bi Mwanakheri alikatiza maneno. Alikuwa ameona kitu. Watu wote walikuwa wamekimbilia kwenye kuta za ua, isipokuwa Somoe. Alikuwa bado juu ya mbuzi yake, kifuu mkononi. Kaa moja lilikuwa limeangukia upindo wa kanga yake. Kitambaa kilikuwa kinaliwa taratibu, duara jeusi linapanuka, naye analitazama.

Bi Mwanakheri alilizima kwa kiganja kitupu.

“Somoe! Hukuliona?”

“Nililiona, mama.”

“Na chungu, hukusikia kimenyamaza?”

“Nilisikia.”

“Sasa mbona hukusema, mwanangu?”

Somoe alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake linajulikana na wote.

“Nilidhani mnataka kimya.”

Bi Mwanakheri alimtazama mkwewe kama ndiyo kwanza anamwona. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama. Masikio yalikuwa matupu. Akageuka, akaziona hereni kwa Bi Chausiku, akaziona kanga za harusi kiunoni kwa binti yake.

“Kwa nini umegawa vitu vyako, Somoe?”

“Sina kazi navyo tena.”

“Kwa nini huna kazi navyo?”

“Nilitaka nikiondoka msipate taabu ya kuvigawa.”

“Unaondoka kwenda wapi?”

“Kwa Nasibu,” Somoe alisema.

Zaituni alipiga kelele. “Astaghfirullahi! Wifi, maneno gani hayo? Hujui kama ni dhambi? Hivi kweli wewe...”

Bi Mwanakheri aliinua mkono. “Nyamaza. Usimmwagie maji baridi.”

Alikaa chini, palepale kwenye majivu, na buibui lake la kusalia, uso kwa uso na mkwewe. Alikitoa kile kifuu mkononi mwa Somoe, akakiweka kando.

“Yale maneno niliyokwambia,” alisema mwishowe, “kwamba machozi yanamlowesha mtoto. Sikuyasoma mahali. Niliambiwa na mtu kama mimi, aliyechoka. Usiku nilikuwa nakusikia ukilia, na mimi nalia upande wangu, nikaona nitakufa. Nikakufunika, nikaenda zangu. Ndivyo nilivyokufanya, mwanangu.”

“Halowi?” Somoe aliuliza.

“Halowi.”

“Mama, nina hakika nilimlowesha. Nililia sana.”

“Halowi, Somoe. Mungu hawezi kumwadhibu mtoto kwa sababu mama yake alimpenda.”

Msidhani alilia hapohapo. Hakulia. Alikaa tu. Bi Mwanakheri naye alikaa tu, na wale wengine, waliozoea kusema, walirudi mmoja mmoja kutoka ukutani wakaketi bila kusema. Bi Chausiku alivua hereni, akaziweka kwenye mapaja ya Somoe. Jua lilianza kuinama upande wa pili wa ua. Nzi walikuwa wamekusanyika kwenye bakuli la shira, na Zaituni akanyanyuka kulifunika.

“Alikuwa anailamba kwenye kidole changu,” Somoe alisema.

“Shira?” aliuliza Bi Mwanakheri.

“Shira. Ikiisha ananing’ata kidole. Anadhani imo ndani.”

Bi Mwanakheri alicheka, machozi yakimtoka. “Na mimi alining’ata. Kajino kake kama sindano.”

Ndipo Somoe alipolia. Alilia hata paka wa paani wakakimbia. Safari hii hakuna aliyefunga mlango.

Mfungo huo Somoe hakufunga. Alikuwa amedhoofu, na mwalimu wa mtaa alisema mgonjwa ana ruhusa. Bi Mwanakheri alimhamishia chumbani kwake, akalala naye, na Mbaraka akaambiwa yote, akawa anarudi mapema kutoka kwenye ujenzi na kuketi mlangoni. Hawakumpa mawaidha mengi. Walimpa uji, kidogo kidogo. Walimwacha amtaje Nasibu anapotaka, hata katikati ya maongezi ya bei ya samaki, nao wakamjibu kuhusu Nasibu. Zipo siku alizowakaripia watu bila sababu. Zipo siku alizolia tena tangu alfajiri. Huzuni yake haikuisha, na dada yangu hakuniambia kwamba iliisha. Ila alibaki.

Bi Chausiku, yeye, aliuacha mlango wake wa uani wazi moja kwa moja. Kila mara akiwa jikoni kwake huita:

“Somoe! Mbona sikusikii?”

“Nipo, shoga! Niache basi nipumue!”

“Haya, pumua kwa sauti!”

Mtaa ulilizoea gumzo hilo. Basi asubuhi moja, Ramadhani imekwisha kitambo, Bi Chausiku aliita, asijibiwe. Akaita tena. Kimya. Alitupa chekecheo, akakata ua mbio bila viatu, mikono imejaa unga, akausukuma mlango wa kina Somoe mpaka ukagonga ukuta.

Somoe alikuwa ameketi kwenye mkeka, mashavu yamevimba, bakuli la vipopoo mapajani. Alimeza kwa shida, akajipiga kifua.

“Shoga, wataka nijibu nipaliwe?”

Bi Chausiku alibaki ameshika mlango, anahema, unga umemtapakaa usoni. Somoe alimwona alivyo, akacheka. Zaituni, aliyekuwapo siku hiyo, akacheka mpaka akakaa chini.

“Jamani Bi Chausiku, mbio zote hizo! Mtu anakula, wewe umeshamlilia! Si ungengoja kwanza?”

Bi Mwanakheri peke yake hakucheka. Alinyanyuka, akamfuta jirani yake unga usoni kwa upindo wa kanga, akampisha akae.

“Usingoje,” alimwambia. “Hata kama utamkuta anakula. Kokoto likinyamaza, nenda jikoni.”